Wagombea watatu wa udiwani, ahadi tatu za barabara: nimpe nani kura yangu?

Mkulima wa Kabichi
Wakuu, habari za mchana. Naomba ushauri wenu, ila tusitaje vyama, maana tukianzia hapo uzi utaishia kwenye matusi.

Kata yetu iko juu kwenye milima ya Usambara. Kutoka kijijini hadi barabara kuu ni kilomita 14 za udongo mwekundu, na katikati kuna korongo lisilo na karavati. Masika yakikolea, Fuso hazipandi. Mwaka jana mwezi wa nne kabichi zangu zilikuwa zimekomaa, mnunuzi akapiga simu kwamba gari limekwama chini. Tukashusha kwa kichwa na bodaboda, na bado nusu ziliozea shambani. Deni la mbolea ya msimu ule nalilipa mpaka leo.

Sasa wagombea wako watatu. Wa kwanza anaahidi lami hadi kijijini. Wa pili anasema atapigania karavati pale korongoni na changarawe kwenye vilima viwili vikali, basi. Wa tatu ni kijana, anaahidi mikopo ya pikipiki na kushusha nauli za boda. Mke wangu yuko na wa tatu. Mimi moyo unavutwa na lami. Nawapimaje?

Mjumbe Mstaafu
Mkuu, pole kwa hasara. Nimekaa Kamati ya Maendeleo ya Kata miaka mingi, nikueleze ninachokijua. Tangu Julai 2017 barabara za wilaya haziko mikononi mwa halmashauri, ziko TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini. Barabara kuu na za mkoa ni za TANROADS, wakala wa barabara wa taifa. Diwani hana fungu la lami. Akikwambia "nitajenga", muulize kwa fedha ipi.

Sehemu kubwa ya fedha hizo inatoka kwenye tozo ya mafuta. Mwaka 2021 iliongezwa shilingi 100 kwa kila lita ya petroli na dizeli kwa ajili ya barabara hizi hizi zetu. Kwa hiyo hata wewe unapompa mwenye boda nauli, unachangia.

Kazi ya diwani ni kusukuma. Yeye ndiye mwenyekiti wa kamati ya kata. Kero inaandikwa pale, inapanda baraza la madiwani, inapiganiwa iingie kwenye vipaumbele mapema, kwa sababu mwaka wa fedha unaanza Julai mosi. Anayekumbuka korongo mwezi wa tano, mvua zikiwa zimeshalikata, amechelewa mwaka mzima. Mimi ningempa wa pili.

Boda wa Mlimani
Huyo wa tatu kwenye nauli anawadanganya. Diwani hana mamlaka ya kutupangia nauli. Udhibiti wa usafiri wa ardhini ni kazi ya LATRA. Na nauli ya huku inapandishwa na barabara: siku ya tope natumia mafuta mara mbili, na tairi zinakwisha.

Ila kwenye mikopo yuko sahihi. Halmashauri inatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kukopesha vikundi: 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu, bila riba. Hapo diwani ana sauti kweli. Muulize vikundi vingapi vya kata yako vimesajiliwa.

Mama Pacha
Mnaongelea kabichi tu. Kuna namba 115 ya m-mama, mjamzito au mtoto mchanga akipata dharura anatafutiwa usafiri bila kulipa, na kusipokuwa na gari la wagonjwa wanatumika madereva wa jamii. Ni mpango mzuri sana. Lakini gari litavukaje korongo lililojaa maji saa nane usiku? Mimi nilivushwa kwa machela, uchungu ukiwa umeshashika. Karavati kwanza, kaka yangu. Mwambie na shemeji hivyo.

Kijana wa Bonde
Naona mnamkatisha tamaa mwenye kuota lami. Tukiomba changarawe kila uchaguzi tutapewa changarawe milele. Mvua mbili tu inakuwa imeshasombwa.

Mjumbe Mstaafu
Changarawe husombwa pasipo na mifereji, mdogo wangu. Maji yakipewa njia, inakaa. Na hata lami ukiiweka juu ya korongo lisilo na karavati, itaondoka na maji vilevile.

Mkulima wa Kabichi
Nawashukuru sana. Nimemsomea mke wangu jibu la Mama Pacha, akanyamaza kitambo, kisha akasema mdogo wake naye anajifungua mwezi wa nne.

Jumamosi mgombea wa pili ana mkutano hapa shuleni. Nitasimama nimuulize mambo mawili: korongo atalifikisha baraza mwezi gani, na mifereji imo kwenye hesabu yake au hapana. Mke wangu atamuuliza habari ya vikundi. Nitaleta mrejesho hapa hapa.