Mrejesho: Maandalizi ya masomo Uswisi

Ndugu zangu, mwezi Februari niliwauliza namna ya kujiandaa kwa shahada ya uzamili mjini Zürich, nami leo narudi kuwashukuru.

Ushauri wa kuomba viza miezi 3 kabla ya masomo ndio ulioniokoa, kwani ombi langu lilipitia pia idara ya uhamiaji ya jimbo na majibu yalichukua wiki 10. Nilipofika nilijiandikisha katika manispaa ndani ya siku 14, kisha nikakata bima ya afya, ambayo ni lazima ndani ya miezi 3.

Kuhusu chumba sikuwasikiliza: nilisafiri bila kukipata, nikalala wiki 3 katika hosteli ya wasafiri kwa bei inayouma hadi leo. Aliyesema kwamba sisi tutokao nje ya Ulaya husubiri miezi 6 ndipo turuhusiwe kufanya kazi, tena saa 15 tu kwa wiki wakati wa muhula, alisema kweli; mimi nilikuwa nimekwisha kuuweka mshahara huo kwenye bajeti, hivyo kaka yangu aliyeko Mwanza ananisaidia mpaka Machi. Kijerumani nilichojifunza kinanifaa darasani, ila sokoni watu huzungumza lahaja yao, nami hubaki nikitabasamu.