Nina miaka 43, nimeambiwa nimlete mzazi atie sahihi

Binti Likoni (mwanzishaji): Ndugu zangu, nimetoka pale kwenye dirisha la ufadhili la chuo sasa hivi, hata feri sijavuka, na mikono ingali inanitetemeka. Simtaji jina mhudumu wa hapo, kwa kuwa hakuna mwanafunzi wa uzamili wala uzamifu hapa Mombasa asiyemjua. Nilisimama kwenye foleni muda ambao mtu angepanda mnazi akaangua madafu, na nilipofika mbele nikapewa fomu ya ufadhili ya shahada ya kwanza, maneno "shahada ya kwanza" yamekatwa kwa kalamu ya wino na juu yake pameandikwa "uzamifu" kwa mkono. Chini kuna nafasi ya sahihi ya mzazi au mlezi. Akaniambia, mbele ya watu wote, "Mama, mlete mzazi wako atie sahihi." Nikamweleza kwa adabu kwamba mama yangu tumemzika. Akajibu, "Basi lete cheti cha kifo."

Cheti cha kifo! Nina binti wa kidato cha nne, na wiki iliyopita nilitia sahihi fomu yake ya basari nikiwa mimi ndiye mzazi. Leo naambiwa nimlete wangu. Mwaka wa fedha wa Serikali unafungwa tarehe 30 Juni, sisi tumo wiki ya tatu ya Juni, na mtu aliyekabidhiwa fedha za watafiti hajui kwamba mtafiti ni mtu mzima.

Mkaazi wa Tudor: Pole sana, dada. Mimi ananidai matokeo ya mtihani wa muhula ndipo posho yangu ya kujikimu itoke. Nimemwambia mara nne kwamba nimeshamaliza masomo ya darasani, sina mtihani, ninaandika tasnifu, na kinachotakiwa ni ripoti ya maendeleo yenye sahihi ya msimamizi wangu. Ripoti hiyo anayo. Ameibana kwa klipu nyuma ya faili, na bado anauliza matokeo.

Mwana wa Kisauni: Umesoma hadi uzamifu na umeshindwa kupiga mstari mahali pa mzazi? Wenzako tunajaza, tunaondoka. Kulialia huku hakukufai.

Binti Likoni: Nilipiga mstari, ndugu yangu. Aliirudisha fomu chini ya kioo kwa kidole kimoja, akasema haijakamilika, kisha ndipo akataka cheti cha kifo cha mama yangu. Vijana wa mwaka wa kwanza waliokuwa nyuma yangu waliinamisha vichwa kwa aibu.

Bwana Faili: Niliwahi kukaa kwenye dirisha kama hilo miezi minane, na naomba mnisikilize kabla hamjamla nyama mwenzangu. Mafunzo niliyopewa yalikuwa kuonyeshwa ufunguo wa kabati. Tulikuwa watatu kwenye kompyuta moja, tukiingia kwa nywila ya mtu aliyehamishwa zamani, na mwongozo wa maandishi haukuwepo. Wa shahada ya kwanza huja kwa orodha, jina na namba, umemaliza. Wa uzamili na uzamifu kila mmoja ana njia yake: huyu ana mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, yule ana ruzuku ya Mfuko wa Taifa wa Utafiti, wa tatu analipiwa karo na mwajiri lakini posho hapati, na kila fedha ina masharti yake ya kutolewa na ya kuripotiwa. Hakuna aliyenikalisha chini akanifundisha hata moja. Nilikuwa nakisia, na nilipokosea mwanafunzi ndiye aliyeumia. Mtu haajiriwi leo akawekwa dirishani kesho na fomu ya kukatakata kwa kalamu.

Mwana wa Kisauni: Kukosa mafunzo hakumfunzi mtu kukosa adabu.

Nahodha wa Kilindini: Nyinyi mna afadhali, mnazungumzia fomu. Utafiti wangu ni wa wavuvi wakati wa kusi, bahari inapochafuka na vyombo vidogo vinalala pwani. Fedha za kazi ya nyanjani niliomba zitoke Aprili. Zikaja Novemba, kaskazi imeshaingia, bahari imetulia. Wavuvi niliopatana nao wako majini kila siku, na maswali yangu hayana maana hadi kusi nyingine.

Mkaazi wa Tudor: Na wamekubali uzisogeze fedha hizo hadi kusi ijayo?

Bwana Faili: Huwa inahitajika barua ya kuongezewa muda, mfadhili aikubali kwa maandishi kabla mkataba haujaisha.

Nahodha wa Kilindini: Barua nimeipeleka tangu Januari, kwenye dirisha hilo hilo. Nimeambiwa nijaze kwanza fomu ya kuongezewa muda, na fomu yenyewe nimeambiwa haipo. Aliyewahi kuiona, tafadhali aniambie inaitwaje.