Ninga wa Pemba na ninga wa bara: ni ndege mmoja?

Mtu_wa_Muheza: Wapenzi wa ndege, habari zenu. Nimehamia Wete, Pemba, kikazi. Kwetu Muheza, bara, mkuyu ukiiva ninga, wale njiwa wa kijani, hujazana juu, rangi moja na majani, huwaoni mpaka tawi litikisike. Huku nao wapo, kwenye mkuyu nyuma ya nyumba niliyopanga, ila kichwa na kifua ni kijivu. Ni makinda, majike, au ndege wengine kabisa?

Bin_Konde: Wengine, ndugu yangu. Huyo ni ninga wa Pemba, *Treron pembaensis*, hapatikani popote duniani ila kisiwani humu. Wa kwenu ni *Treron calvus*, ametapakaa Afrika. Usihangaike na mgongo, wote ni kijani na wana doa la zambarau begani (kinda ndilo halina doa hilo). Mtazame kwa mbele. Wa bara, kijani chenye unjano kinapanda kifuani hadi kichwani. Wetu amevaa kijivu kichwa, shingo na kifua. Njano imembakia mapajani na chini ya mkia. Dume na jike sura moja.

Mtu_wa_Muheza: Shukrani. Sasa kwa mbawa zile, kuvuka kwenda Tanga kunamshinda nini?

Bin_Konde: Kilomita 50 hivi si kitu kwake. Lakini kukaa mbali muda mrefu ndiko kulikomtenga. Zama za barafu bahari iliposhuka, Unguja iliungana na bara. Mkondo wa Pemba una kina cha mamia ya mita, haukukauka. Ndiyo maana tuna ndege wanne wasio kwingine: ninga huyu, bundi mdogo, chozi, na yule kadogo mwenye duara jeupe machoni.

Kuyu_Bivu: Naongezea. Wote wawili hawalii kwa kuguguma wafanyavyo njiwa wengine, wanapiga miluzi na kukoroma. Na wanaosema ninga anatupandia mikuyu wanampa sifa isiyo yake: firigisi yake inasaga mbegu za kuyu. Wa kumshukuru ni popo.

Bin_Konde: Kweli, popo wa Pemba ndiye mkulima. Mtu wa Muheza, ukipata nafasi njoo msitu wa Ngezi asubuhi na mapema, utafute mti wenye matunda, usubiri chini. Picha piga ya kifua. Na watoto wa jirani wenye manati uwaeleze mapema. Hao wanamjua ninga kwa mchuzi tu.