Gumzo la ukoo, Kibosho: Moseley alifata nini vitani?

Neema: Shikamooni wote. Anko Godi, leo mwalimu katuambia aliyeonyesha maana ya namba atomia alikufa vitani bado kijana, Henry Moseley, alaf kipindi kikaisha. Ilikuaje?

Anko Godi: Marahaba mwanangu. Huyo nawasimuliaga wanafunzi kila mwaka. 1913 yuko Manchester, Uingereza, kwa mwanafizikia Rutherford, elementi bado zinapangwa kwa uzito, sasa kobalti na nikeli zinasumbua, kobalti ndo nzito kidogo ila kwa tabia zake inatakiwa itangulie. Jamaa akaunda bomba lililotolewa hewa, ndani kuna kireli na kitoroli kimebeba vipande vya elementi, anakivuta kwa uzi wa hariri wa kuvulia samaki, kipande kikifika mahali pake kinapigwa na elektroni kinatoa eksirei, anapiga picha

Kaka Deo: Uzi wa samaki 😂😂 na sisi tunasubiri vifaa toka Ulaya

Anko Godi: Ndo hivo. Akachukua frikwensi za zile eksirei akatafuta kipeuo cha pili, akaona kila ukienda elementi inayofuata kinaongezeka kwa hatua ileile. Kumbe ile namba atomia sio foleni tu, ni chaji ya kwenye kiini cha atomu! Kobalti 27, nikeli 28, ugomvi kwisha. Mapengo ya elementi ambazo hazijagunduliwa nayo yakaonekana, namba 43, 61, 75, yote yamekuja kuzibwa yeye hayupo, hiyo 61 mpaka 1945

Mama Neema: Sasa mtoto wa watu na akili zote hizo alifata nini vitani jamani, walimlazimisha?

Anko Godi: Wala. Uingereza imeanza kulazimisha watu 1916. Vita ya kwanza ya dunia inaanza yeye yuko Australia kwenye mkutano wa wanasayansi, akarudi kwao kujiandikisha, wakamweka mawasiliano. Tarehe 10 Agosti 1915, Gallipoli kule Uturuki, Waturuki wamewashambulia alfajiri, yeye yuko kwenye simu anapeleka amri, risasi ya kichwa. Miaka 27

Mama Neema: Yesu na Maria 😢

Shangazi Eli: Na vita hiyohiyo huku kwetu wazee wetu walibebeshwa mizigo ya Waingereza na Wajerumani wakafa kwa maelfu, wengi hata kaburi halijulikani. Nani alijua kati yao yupi ana kichwa cha hesabu? Wanajeshi wao angalau Moshi mjini pale wana makaburi yametunzwa vizuri

Mama Neema: Ndo maana nasema Brayani akitoka JKT arudi nyumbani asome, habari ya kubaki jeshini sitaki kuisikia

Kaka Deo: Dada, jeshi la siku hizi lina madaktari na mainjinia, kosa sio jeshi. Kosa ni kumpeleka mtu kama yule mstari wa mbele akashike simu wakati maabara zipo

Anko Godi: Hapo sawa. Hata Rutherford alilalamika kwa maandishi mwaka uleule, kwamba jeshi lao lilishindwa kuwatumia wanasayansi zaidi ya kuwapeleka kupigana. Vita ya pili wengi wakawekwa kwenye rada

Shangazi Eli: Mi sikubali sana. Alichagua mwenyewe, angekaa maabara wenzake wanakufa usingizi ungekuja?

Mama Neema: Mwenyewe mwenyewe, na mama yake je??

Anko Godi: Mama alimlea akiwa mjane, baba alifariki kijana bado mdogo kabisa. Na wosia wake aliuandika akiwa jeshini, mali yake akaiachia Royal Society, chama cha wanasayansi cha Uingereza, kwa ajili ya utafiti

Neema: 💔 Sa mbona hakupata Nobeli?

Anko Godi: Marehemu huwa hapendekezwi

Brayani: Shikamooni. Nimesoma yote. Mama usijali, mi sitaki bunduki, nataka kitengo cha mawasiliano

Mama Neema: BRAYANI

Kaka Deo: 😂😂😂 dogo umeelewa lakini huyo mtu alikua kitengo gani?

Mama Neema: Nipigie sasa hivi. Na Godi na wewe unipigie