Tupeane uzoefu: ulijuaje kwamba spika zako za nyumbani hazitoi sauti ipasavyo?

Mwanzisha mada, Tanga
Ndugu zangu, jana nilikuwa kwa shemeji yangu, taarabu ikipigwa, nikaukumbuka mwaka mzima niliokaa nikiamini kwamba nimeuziwa spika mbovu. Besi ilikuwa nyembamba hata nilipoifungua mpaka mwisho, na sauti ya mwimbaji ilitapakaa chumbani bila kujulikana inatoka wapi. Fundi mmoja mzee alikuja na betri ya tochi ya volti 1.5, akazichomoa nyaya kwenye amplifaya, akazigusisha kwenye betri: koni ya spika ya kulia ikatoka nje, ya kushoto ikaingia ndani. Nyaya za spika moja zilikuwa zimegeuzwa, hivyo moja ilipoisukuma hewa nyingine iliivuta, na besi zao zikauana. Alipozirekebisha, mwimbaji alisimama katikati ya spika mbili, na udi ukasikika pembeni yake, uzi kwa uzi.

Mombasa
Yalinikuta hayo hayo, na zangu nilikwisha kuziuza kwa bei ya kutupa.

Dar es Salaam
Nami niseme langu, ambalo bado linaniuma. Usiku wa kuamkia harusi ya dada yangu niliazima jozi ya pili ya spika, nikaiunganisha pamoja na zangu kwenye matundu yale yale. Zote zilikuwa za omu 4 (omu ni kipimo cha jinsi spika inavyozuia umeme), na nyuma ya amplifaya pameandikwa kwamba isipewe chini ya omu 4. Sikuyasoma maandishi hayo. Spika mbili za omu 4 zikiunganishwa sambamba, amplifaya huona omu 2 tu, na umeme unaopita huongezeka maradufu. Nyimbo tatu za kwanza wageni walisifu. Kisha sauti ikaanza kukwaruza, nikasikia harufu ya plastiki inayoungua, moshi ukapanda, na bibi akapiga kelele kwamba nyumba inateketea. Amplifaya ile ilikuwa ya marehemu baba. Fundi alibadilisha transista, lakini upande wa kushoto haujatulia mpaka leo.

Nairobi
Pole sana, kaka. Hata hivyo, ninaamini kilichoiunguza ni sauti uliyoifungulia mno, si zile spika.

Dar es Salaam
Hapana, ndugu yangu. Kila Jumapili niliifungua kiasi hicho hicho kwa jozi moja, na haikuwahi kupata joto la kutisha.

Morogoro
Kabla ya kununua chochote, kikagueni chumba. Pigeni kofi moja. Likirudi kwa mlio mkali, maneno ya mwimbaji yatavurugika hata spika ziwe nzuri namna gani. Zulia na mapazia mazito yalinisaidia kuliko nyaya za bei ghali. Msiziweke spika kwenye kona, kwa maana kona huikuza besi ikabaki kuvuma tu.

Zanzibar
Mimi zangu nimezirudisha kwenye kona makusudi, kwa kuwa ni ndogo na besi yake ni haba. Na huku pwani, safisheni ncha za nyaya, maana hewa ya chumvi huitia shaba kutu ya kijani.

Mwanzisha mada, Tanga
Ndugu wa Morogoro, zako umeziacha umbali gani na ukuta? Zangu zimeugusa.

Morogoro
Anza na shubiri tatu. Kaa mahali ambapo umbali wako na kila spika unalingana na ule ulio kati ya spika zenyewe, kisha uzisogeze kidogo kidogo huku ukirudia wimbo mmoja unaoujua vizuri.