Mafunzo ya kazini yamegeuzwa kuwa kazi ya usiku kwa bando letu wenyewe

Wakuu, heshima kwenu. Mimi ni mkunga katika hospitali moja ya binafsi jijini Dar es Salaam, huu ni mwaka wangu wa 14 leba, na naandika nikiwa na hasira niliyoibeba tangu Januari.

Mwezi huo uongozi ulifuta mazoezi yetu ya kila Jumatano ya kumsaidia mtoto aliyezaliwa bila kupumua, mazoezi ya dakika kumi tu tuliyokuwa tukiyafanya palepale leba kabla ya kupokezana zamu, na badala yake tukatumiwa kozi ya mtandaoni yenye moduli 12. Tunaisoma nyumbani, usiku, kwa simu zetu na kwa bando tunalonunua wenyewe, na asiyemaliza kwa tarehe iliyopangwa anaandikiwa barua ya kujieleza. Nilipouliza kama saa hizo zitahesabiwa, nilijibiwa kwamba kujiendeleza ni wajibu wa kila mwanataaluma. Wajibu huo siukatai, ila kozi aliyoichagua mwajiri, akaifanya ya lazima na kuiwekea adhabu, ni kazi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imeweka saa 45 za kawaida kwa wiki, na saa ya ziada hulipwa si chini ya mara moja na nusu ya malipo ya kawaida.

Hata hivyo, kinachoniuma zaidi si fedha. Mtoto akitoka bila kulia tunayo ile tunayoiita Dakika ya Dhahabu: ndani ya sekunde 60 umkaushe, umsugue mgongo, usafishe njia ya hewa ikibidi, na kama bado hapumui uwe umeshaanza kumpa hewa kwa ambu, yaani mfuko wa kukamua wenye barakoa ya kufunika pua na mdomo. Ncha nyembamba ya barakoa inakaa juu ya pua, upande mpana unashika kidevu, shingo haipindwi kupita kiasi, na jicho lako halitoki kifuani kuona kama kinapanda. Kazi hiyo mikono huizoea kwa kuirudia, wala haizoeleki kwa kugusa kioo cha simu.

Mwezi wa tatu nilikuwa zamu na mdogo wetu mmoja aliyeajiriwa karibuni, ambaye cheti chake cha kozi hiyo kinaonyesha asilimia 100. Mtoto alizaliwa amelegea. Nilipogeuka nikaona binti ameishika barakoa kinyume, imebana macho ya mtoto, na hewa inavuja chini ya kidevu. Nilimsogeza, nikaigeuza, nikakamua. Mtoto alilia, namshukuru Mungu. Baadaye nilimkuta binti chooni naye analia, na simlaumu hata kidogo, kwa sababu mdoli wa mazoezi umefungiwa kabatini stoo na tangu aajiriwe hajawahi kuushika.

Inatia uchungu zaidi kwa kuwa ushahidi umepatikana hapahapa nchini. Mafunzo ya kumsaidia mtoto aliyezaliwa bila kupumua yalipofanyika katika hospitali nane za Tanzania, vifo vya watoto ndani ya saa 24 za kwanza vilipungua kwa asilimia 47, na matokeo yakachapishwa mwaka 2013. Huko Haydom, mkoani Manyara, watafiti walikuta kwamba hata mafunzo ya siku moja kwa mdoli hayakubadilisha utendaji wa leba. Vifo vilikuja kupungua baada ya kuanzishwa mazoezi mafupi ya mara kwa mara palepale kazini. Sisi tulikuwa nayo hayo hayo, nasi tukayafuta.

Sipingi intaneti. Video za kupima upotevu wa damu baada ya kujifungua zimenisaidia sana, na mwenzangu wa zahanati ya mbali asiye na mkufunzi anazihitaji kuliko mimi. Nadai mdoli urudishwe leba, dakika zetu kumi zirudi kwenye ratiba ya zamu, na moduli zisomwe ndani ya saa za kazi kwa intaneti ya hospitali.

Wanasheria mliomo humu, naomba mnisaidie: nimeandika tarehe na saa za kila usiku niliosoma tangu Januari. Je, daftari hilo linatosha kudai malipo ya saa za ziada, au nianzie kwa chama cha wafanyakazi?