Msaada: mwanafunzi akute kazi yake kwenye mashine yoyote, Windows, Ubuntu au Mac

MwalimuKondele: Wadau, habari za jioni. Nasimamia maabara ya kompyuta ya chuo kidogo hapa Kisumu. Mashine nyingi ni za Windows, safu moja ni Ubuntu (aina ya Linux), na tuna iMac mbili za msaada. Kila asubuhi wanafunzi wanagombania viti, maana kazi ya mtu imebaki kwenye mashine aliyoketi jana. Wengine wanabeba flashi, na virusi vinatembea nazo. Nataka mtu aingie popote kwa jina moja na nywila moja, akute folda yake ya nyumbani, yaani ile yenye hati na mipangilio yake. Nilijaribu NFS (njia ya kushirikisha folda kwenye mtandao) kati ya Ubuntu mbili, lakini msichana mmoja akafungua folda yake ikaonekana ni mali ya mwenzake. Nianzie wapi?

FundiWaNyanza: Mwalimu, hapo NFS haijaharibika. Kwa mipangilio ya kawaida haiangalii jina la mtumiaji, inaangalia namba ambayo mashine imempa. Andika `ls -ln` (amri ya kuorodhesha mafaili na namba za wenyewe) kwenye mashine zote mbili utaiona. Ubuntu humpa mtumiaji wa kwanza 1000, anayefuata 1001, kwa kufuata nani alisajiliwa mapema. Kwa hiyo 1001 wa mashine hii si 1001 wa ile. Mac nayo huanzia 501. Usizirekebishe kwa mkono, utachoka.

Weka Samba (programu ya kugawa mafaili na kusimamia akaunti) kwenye seva, uifanye msimamizi wa domeni, yaani kundi la mashine zinazotumia akaunti za pamoja, akaunti zote zikae hapo. Ubuntu utaziunganisha kwa SSSD (programu inayosoma akaunti kutoka kwenye domeni), na namba zitakuwa zilezile kila mahali. Hakikisha tu Windows zako ni Pro, kwa sababu toleo la Home haliingii kwenye domeni. Mafaili nayo yapitishe Samba kwa mifumo yote mitatu. NFS hiyo ya kawaida inaamini namba yoyote inayotajiwa, na mwanafunzi mjanja mwenye laptopu yake atajitajia ya mwenzake.

DadaWaKakamega: Naunga mkono, ila nakusihi usihamishe folda nzima ya nyumbani. Mle ndani hamna hati peke yake. Windows ina AppData, Mac ina Library, Ubuntu ina .config, na kila mfumo unaandika mambo yake. Firefox ikifunguliwa na mtu yuleyule kwenye mashine mbili kwa profaili moja (folda ya mipangilio yake), itagoma au iharibike. Mipangilio iache kwenye diski ya kila mashine. Kwenye seva weka folda moja ya kazi: Windows waione kama diski H, Ubuntu na Mac waikute ndani ya folda zao za nyumbani.

Wafundishe pia kuhusu majina. Ubuntu inakubali “Zoezi 2: Bajeti”, lakini Windows haitaki nukta mbili, na faili hilo litaonekana kwa jina lililovurugika. Halafu “Ripoti” na “ripoti” ni mafaili mawili kwa Ubuntu, kwa Windows ni moja.

MwalimuKondele: Asanteni sana, sasa naona njia. Nitaanza na folda ya kazi. Na stima ikipotea je? Huku inapotea wakati wowote.

FundiWaNyanza: Seva na swichi za mtandao ziwe kwenye UPS (betri ya akiba), na nakala ya kila usiku iende kwenye diski nyingine, si ileile ya seva. Bakisha akaunti moja ya ndani kwenye kila mashine, ili seva ikilala bado uweze kuingia.

Jambo jingine ni saa. Domeni inatumia Kerberos (mfumo wa kuthibitisha anayeingia), nayo kwa kawaida humkataa mtu kama saa ya mashine inapishana na ya seva kwa zaidi ya dakika 5. Kompyuta za zamani zenye betri ndogo ya ubao iliyokufa hurudi nyuma miaka mingi stima ikikatika, na mwanafunzi ataapa kwamba nywila yake ni sahihi. Badilisha betri hizo kwanza, kisha mashine zote zichukue saa kutoka kwa seva.

MwalimuKondele: Safu ya dirishani ina mashine za aina hiyo, kila zikiwashwa zinaonyesha mwaka wa zamani. Kesho naanza na betri.